Sifa Tatu za Dada

Nyumbani kwangu,
Jumapili mchana.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ni ndefu, na kuna mahali ndani yake utatamani kusimama. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia daktari amekukataza ngazi, nawe ukamjibu kwamba basi akujengee nyumba isiyo na ngazi. Shemeji naye bado anapaka vanishi viti vya watu hapo sebuleni huku wewe ukipiga chafya? Msalimu sana. Na mpwa wangu je? Nasikia amekupita kimo na amekupita maneno. La kimo naliamini, la maneno mpaka nilisikie mwenyewe.

Sisi huku tu wazima. Mke wangu anakuamkia. Mwanetu ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa kila neno lenye "s" linatoka na mate, kwa hiyo tunaongea naye kwa mbali kidogo. Mimi mwili hauna ugonjwa. Ila wiki ya tatu sasa nina kichefuchefu ambacho si cha tumbo. Chakula nakitazama tu. Nikishika kalamu nyekundu, mate yananijaa mdomoni kama mtu aliyemeza nzi. Nimeona nikueleze chanzo chake, na nakuomba uvumilie nianzie mbali.

Unajua nafundisha fasihi. Mwaka huu tumeletewa kitabu kipya cha kidato cha pili, cha kueleza vipengele vya hadithi. Najua hukupata kusoma mambo haya, na kwa nini hukuyasoma tunajua sote wawili: mmoja wetu ilibidi aache shule akafanye kazi ili mwingine asome. Kwa hiyo nikueleze kwa ufupi. Tunawafundisha watoto kwamba hadithi ina wahusika, yaani watu wake, na ina mandhari, yaani mahali na wakati mambo yanapotokea. Ina msuko, namna tukio moja linavyozaa jingine. Ina mgogoro, pale watu wanapovutana, na kilele, pale kamba inapokaribia kukatika. Wahusika nao wana aina zao. Mhusika bapa habadiliki, ukimjua ukurasa wa kwanza umemjua mpaka wa mwisho. Mhusika duara hugeuka na kukushangaza. Halafu yupo msimulizi, sauti inayotupa habari yote. Si mambo magumu. Mtoto akiyashika vizuri, anaweza kusoma hata watu.

Basi kitabu hiki kina hadithi moja ya mfano, kurasa tisa, na kila kipengele kinafundishwa kupitia hiyo hiyo. Nitakusimulia ilivyo. Kuna mama mmoja aliyepiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini. Ana alama ya kuungua kwenye kiwiko cha kushoto. Akizeeka anapoteza kumbukumbu, anaita mwiko kijiko na kijiko anakiita kwa jina la mtu. Ana watoto wawili, binti mkubwa na mvulana mdogo. Siku moja binti anachoka naye kwa sababu ananuka. Anamfungia chumbani na mkate, jagi la maji na ndoo, anakwenda zake siku mbili. Mdogo mtu, ambaye ndiye msimulizi, anatoka safari, anasikia mama akilia, anavunja mlango, anamwogesha, anamchukua kwake. Mwisho.

Umemjua huyo mama, dada. Kiwiko ni chake, mwiko ni wake. Ni mama yetu. Na najua unachouliza sasa hivi: huyo binti ni nani, na nani kaandika uchafu huo? Kitabu hakitaji jina. Kimeandikwa tu kwamba kimeandaliwa na jopo la walimu. Nitafika huko. Niache kwanza nikuambie walivyomla mama yetu darasani.

Mkuu wetu wa idara tunamwita Bwana Mfano, kwa sababu hawezi kuomba hata chumvi bila kuanza na "kwa mfano". Ni mtu anayefundisha kwa kukaririsha. Siku hiyo alilifundisha yeye darasa langu: anasimama mbele, anagonga meza kwa rula, watoto arobaini na wawili wanaitikia. Mama ni mhusika gani? Bapa! Kwa nini? Hana mabadiliko! Mama yetu, dada. Mama aliyetuchekesha kwenye foleni ya dawa mpaka muuguzi akatutoa nje. Mama aliyekuwa akikasirika asubuhi, mchana amesahau, jioni anakuja kuuliza nani kamwudhi ili tumsaidie kukasirika. Huyo ndiye bapa. Nilikuwa nimesimama dirishani nyuma ya darasa, nikaona nitatapika juu ya madaftari.

Halafu likaja swali la nne: Taja sifa tatu za dada. Jibu limechapwa kabisa nyuma ya kitabu cha mwalimu: mkatili, mbinafsi, mwenye kinyaa. Watoto walilipenda swali hilo kuliko yote. Mmoja aliongeza mchawi, mwingine akasema huyo dada ana meno ya njano, na darasa zima likacheka. Jioni nikakaa na madaftari yao pale chumba cha walimu, kwenye ile meza inayonata chai ya miaka yote, na kila daftari nikafika swali la nne. Mkatili, vema. Mbinafsi, vema. Mwenye kinyaa, vema. Vema mia moja ishirini na sita, dada, kasoro tatu. Mkono wangu ulifanya kazi hiyo wenyewe kama mkono wa mchinjaji, nami nikautazama kwa karaha, kana kwamba umeshonwa kwangu kutoka kwa mtu mwingine.

Hizo tatu zilizokosekana ni za msichana mmoja ambaye wenzake wanamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Ni mtoto asiyenyoosha kidole mpaka awe na jambo. Mahali pa sifa tatu za dada aliandika mstari mmoja tu: kwamba hawezi kutaja, kwa sababu habari za dada zimetolewa na mtu ambaye yeye Sindano hamwamini.

Kesho yake Bwana Mfano aliingia kunikagua, akakaa nyuma na faili lake. Nilidhani nitapita juu juu, lakini Sindano alisimama akaomba kueleza jibu lake. Akasema amemsoma msimulizi mara tatu. Msimulizi anasema alikuwa safarini, mbali, na alipofika alivunja mlango tu akaingia. Basi, aliuliza, amejuaje kwamba mkate ulikatwa vipande sita? Mama hajui kuhesabu tena, na mkate ulikuwa umekwisha. Amejuaje kwamba ufunguo ulizungushwa mara mbili, na mara ya pili ukakwama kidogo?

"Mwalimu," akaniambia, sauti yake ya chini kabisa, "hayo ni ya mtu aliyekuwa upande wa nje, ufunguo mkononi. Na tena, dada haongei hata neno moja ndani ya kurasa tisa. Ulitufundisha tuangalie nani ananyimwa kusema."

Bwana Mfano akasimama, akasema kwa mfano mtihani wa taifa hautauliza mkate ulikatwa vipande vingapi. Akasema msimulizi ni mhusika mwema, mfano wa kuigwa, imeandikwa ukurasa wa mia na nne, na mwanafunzi anayejifanya mpelelezi atafeli kama wapelelezi wanavyofeli. Watoto wakacheka. Akanigeukia akaniuliza swali la nne lina alama ngapi. Nikasema tatu. Akauliza huyu nimempa ngapi.

Nilikuwa sijampa kitu. Nikafungua daftari la Sindano mbele ya wote nikaandika sifuri. Nikaiandika kubwa, nikaizungushia duara. Mtoto akapokea daftari lake kwa mikono miwili, akakaa.

Dada, hapo ndipo kichefuchefu kilipoanza hasa. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya maabara, nikainama juu ya ule mfereji wa maji machafu, nikatapika chai tupu. Na nilipokuwa nimeinama hivyo nilijua kwamba siwezi tena kulaumu jopo, wala mkuu wa idara, wala watoto.

Hadithi ile niliiandika mimi.

Mlango ule niliufunga mimi.

Sasa kama umesimama, nakuomba ukae tena unisomee mpaka mwisho, maana hili ndilo lililonikalisha mezani.

Unakumbuka mwaka ule ulipofanyiwa upasuaji wa tumbo. Mama ulikuwa umekaa naye miaka minne. Ukaniomba nimchukue wiki mbili tu, mpaka mshono ukauke. Mke wangu alikuwa amekwenda kwao kujifungua, nikabaki na mama peke yangu. Siku za mwanzo nilijikaza. Asubuhi nilimwachia chai, nikaenda kufundisha, nikarudi mbio saa saba. Lakini alikuwa anajisaidia popote. Alikuwa anachukua kinyesi chake anakifunga kwenye leso vizuri, pembe kwa pembe, kama alivyokuwa akikunja mashuka, ananiletea mkononi kama zawadi. Wewe uliishi na hayo miaka minne na hukuniambia hata siku moja. Mimi siku ya sita tu nilikuwa nakula nimesimama nje uani. Nilimwonea mama yangu kinyaa. Sitafuti neno jingine, hilo ndilo lenyewe. Alikuwa akininyooshea mkono anishike shavu, nami narudi nyuma.

Siku ya tisa kulikuwa na semina ya walimu waandishi, siku mbili, mji wa pili. Mhariri mmoja alikuwa anatafuta watu wa kuandika vitabu vya shule. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Nikakata mkate vipande sita. Nikaweka jagi na ndoo. Nikamwambia jirani yangu, fundi cherehani, kwamba mama amelazimishwa na daktari kupumzika, akisikia kelele asijali. Nikazungusha ufunguo mara mbili. Na dada, nilipotembea kwenda kituoni nilivuta pumzi ndefu nikasema, loo, hewa safi.

Niliporudi jioni ya siku ya pili fundi alikuwa ameacha kushona, amekaa kizingitini kwake amejishika kichwa. Akaniambia mama ameita tangu jana. Nikamuuliza ameniita? Akasema hapana, alikuwa anamwita binti yake. Alikuwa anakuita wewe, dada, lile jina lako la utotoni, mpaka sauti ikakauka.

Sikuvunja mlango wowote. Niliufungua. Nilimkuta amekaa chini ameegemea mlango kwa ndani, kwa hiyo ilibidi nimsukume ndiyo niingie. Kucha tatu za mkono wa kulia zilikuwa zimevunjika hadi nyamani. Na sikumwogesha kama kitabu kinavyosema. Nilimtoa uani nikammwagia maji ya ndoo nimesimama hatua tatu mbali, kama mtu anayeosha gari, na mkono mmoja nimeziba pua. Alikuwa anatetemeka, ananiambia asante, bwana. Hakujua mimi ni nani. Alinidhani mtumishi fulani wa hospitali, na alikuwa ananishukuru.

Kisha nikamkata kucha zote kumi ziwe fupi sawasawa ili zile tatu zisionekane, nikakodi gari, nikakuletea. Siku kumi na moja tu baada ya kisu chako. Nikakuambia mama amekukumbuka, analia usiku na mchana, nimeshindwa kumbembeleza. Ukaniamini. Ulimshika mkono ukaviona vidole, ukaniuliza. Nikasema alikuwa anachezea waya wa uzio. Ukasema maskini, ukampeleka bafuni, ukamwogesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mshono wako. Mimi nilikaa sebuleni kwako, nikanywa soda uliyonipa. Miezi mitano baadaye mama akafa kitandani kwako, na msibani watu walinipa pole sawa na walivyokupa wewe.

Utauliza, kama ni hivyo, niliiandika ya nini. Nilitaka kutubu, dada. Huo ndio ukweli, ingawa hauna faida. Mhariri wa semina ile alinitafuta mwaka juzi, akataka hadithi fupi yenye mgogoro ulio wazi na mhusika mbaya aliye wazi. Nikakaa nikaanza kuandika yaliyotokea, kwa "mimi". Mkate, jagi, ndoo, vyote kama vilivyokuwa. Nilipofika mlangoni, pale pa kuandika "nikazungusha ufunguo", mkono ukaandika "dada akazungusha". Nikalitazama neno lile. Lilipendeza. Ghafla nikawa mtu mzuri, nikawa ndiye ninayefika nikavunja mlango. Sikulifuta. Mhariri akanipigia simu akasema mdogo mtu amemtoa machozi. Wakaniingiza kwenye jopo. Nilikwenda mkutano wa kwanza na viatu vipya.

Kwa hiyo Jumanne iliyopita nilikwenda ofisini kwake. Nikamweleza kwamba hadithi ile ina uongo unaomhusu mtu aliye hai, waiondoe. Alikuwa anakula karanga, maganda yamejaa juu ya meza. Akaniuliza jina la huyo mtu limetajwa? Nikasema halikutajwa. Akacheka akasema hadithi ni ya kubuni, mwalimu, wewe ndiye unafundisha hivyo, au umesahau? Akasema toleo la pili limekwisha kuchapwa na shule nyingi zimelichukua. Nikamwambia nimekuja kuomba, sikuja kubishana. Akaniambia nisafiri salama. Nilipompa mkono niliona nimeshika kitu chenye ute, lakini nilipotazama ulikuwa jasho langu mwenyewe.

Ijumaa niliingia darasani kipindi cha nne. Sikufungua kitabu. Niliwaambia watoto waandike masahihisho ya swali la nne: kwamba dada hakuufunga mlango, aliufunga msimulizi, na kwamba msimulizi ni mimi. Niliwaeleza kama nilivyokueleza wewe, isipokuwa ile ya leso, ambayo ni ya mama na si yao. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa mbele alisogeza dawati lake nyuma kidogo, taratibu, kama mtu anayeepa harufu. Nikajua ndivyo mama alivyoona nilipokuwa nikirudi nyuma.

Nikamwita Sindano, nikaikata sifuri yake, nikamwandikia tatu kwa tatu, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Nilidhani atafurahi, au atalia. Alilitazama daftari, akanitazama mimi, akauliza swali moja tu.

"Na dada anajua?"

Kengele ikalia, wakatoka mmoja mmoja wakinipita. Bwana Mfano amekwisha kupeleka habari kwa mkuu wa shule, na kesho asubuhi nimeitwa. Pengine nitahamishwa, pengine nitaachishwa. Mke wangu nimemwambia jana. Hakupiga kelele. Alihamishia mto wake chumbani kwa mtoto.

Dada, sikuombi msamaha kwa barua. Itakuwa ni kukumwagia maji kwa mbali. Ninalo ombi jingine, nalo ni dogo, na unaweza kulikataa. Shule ya mpwa wangu ni moja ya zilizokichukua kitabu hiki. Muhula ujao ataingia kidato cha pili, na mwalimu wake atamwambia ataje sifa tatu za dada. Atakijua kiwiko kile. Atakuja nyumbani akikutazama. Nakuomba usimwambie wewe kabla. Niruhusu nije nimwambie mimi, nimekaa mbele yake, na wewe ukiwepo unisahihishe nitakapojipendelea, maana nimezoea. Ukikubali, nitumie neno moja tu. Ukikaa kimya nitaelewa, na nitamwandikia mwalimu wake.

Msalimu shemeji, ukimwonyesha barua hii au usipomwonyesha. Msalimu mpwa wangu. Lipumzishe goti. Salamu hizi sijui kama bado unazitaka kutoka kwangu. Nimeziandika kwa sababu mtu akimaliza barua kwa dada yake husalimia, na sikutaka leo pia nikunyime kilicho chako.

Ni mimi,
Mdogo wako.